Mstari wa Saa Nne na Nusu

Ngrrr, ngrrr, ngrrr. Kama mende aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Hiyo ni sauti ya pampu ndogo ya kipima gesi ikivuta hewa, na mwenzenu naisikia hata sasa nikiwa nakuna nazi kibarazani. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimeshika mwiko. Nilikuwa mpishi wa wafanyakazi kwenye yadi yetu pale Kibiti, nyuma kule yanakolala magari. Bwana Masanja, msimamizi wetu, akaja na dude la njano, unene wake kama simu za zamani, akalisogeza karibu na jiko langu la mkaa. Tii! Tii! Tii! Taa nyekundu, na mtetemo juu. Nikautupa mwiko, nikakimbia mpaka getini.

"Umekimbia vizuri," Masanja akaniambia niliporudi nikihema. "Wengi wanasimama kwanza wanauliza ni nini."

Wali uliungua siku hiyo, ndiyo mara pekee. Baadaye akaniambia sababu ya kunichagua nishike kipimo: miezi saba alikuwa anakula chakula changu na hajaonja ukoko. Mtu aliyekuwa akishika kipimo kabla yangu alikuwa hodari wa hesabu lakini akipita muuza kahawa anamfuata. "Kazi hii haitaki msomi," alisema. "Inataka mtu wa kukaa na sufuria."

Nawaandikia ninyi mnaokibeba kipimo baada yangu. Mnasema nimestaafu, asanteni kwa heshima hiyo, ila anayestaafu akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili huwa ana la kueleza. Nitalieleza, lakini kwa mpangilio wake, maana mkilisikia peke yake mtadhani kazi yenyewe ni mbaya. Si mbaya. Nimeipenda. Elimu yangu ni kidato cha pili, na nilikuwa binti wa kuota ndoto za mchana: mara mimi ni rubani, mara nina maabara yangu na koti jeupe. Ghafla nikapewa chombo chenye namba zinazotembea, na watu wazima, wanaume wenye ndevu, hawaingii shimoni mpaka mimi niseme. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa zaidi ya ndege.

Kampuni yetu mnaijua: kuchimba visima na kusafisha matangi, kuanzia Kibiti kushuka Nyamwage na Mbwara, mpaka vijiji vya ndani ya delta. Masanja alikuwa Msukuma aliyekulia kazi kwenye migodi ya dhahabu huko kwao. Sisi Wandengereko na wao ni watani, kwa hiyo masomo yangu yote nimeyapata yamechanganywa na matusi ya halali.

"Nyie watu wa wali," alikuwa akianza, "mkishiba mnasinzia. Haya, niambie namba."

"Oksijeni ishirini nukta tisa."

"Maana yake?"

"Hewa ya Mungu, haijaguswa."

"Ikifika kumi na tisa na nusu?"

"Hakuna anayeingia. Aliye ndani anatoka."

"Na zile tatu nyingine?"

Zile tatu nyingine ni sifuri. Ya kwanza ni gesi ya kuwaka. Ya pili ni ile ya tope na vyoo, inayonuka yai viza. Ya tatu ni gesi ya moshi, ya mkaa na injini, ambayo haina harufu hata kidogo, na hiyo Masanja alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayemtaja mkwewe. Zikiwa sifuri, sifuri, sifuri, mtu anashuka. Nilikuwa nazisoma kwa sauti kila mara, mpaka wafanyakazi wakaniita Dada Sifuri, wakasahau kwamba naitwa Tatu.

Mengine aliyonifundisha nayaandika kama alivyoyasema, maana kitabu cha maelekezo hakina. Pima juu, pima katikati, pima chini, kwa sababu gesi nyingine hukaa chini kama mashapo ya chai. Ukishusha mpira wa mita kumi, usiangalie kioo mara moja. Hewa ya kule chini bado iko njiani inapanda. Hesabu dakika mbili nzima. Kila asubuhi kipe kipimo gesi ya majaribio kutoka kwenye kile kichupa, kipige kelele mbele yako. Kisipopiga, hakuna kazi, hata meneja akija na waandishi wa habari. Na unapojaza daftari la vipimo, andika unachokiona, saa unayokiona.

Hili la mwisho nitalirudia.

Hofu sikuwahi kuizoea. Wapo wanaosema unazoea. Mimi kila mtu akishuka, masikio yangu yanashuka naye. Nikisikia sururu inagonga kule chini, ndu, ndu, ndu, napumua. Ikinyamaza ili mtu ajifute jasho, mimi huku juu jasho linanitoka kwa niaba yake. Sikuweza kula mpaka wa mwisho apande. Wenzangu wakawa wananichekea, ati mpishi wa zamani anayeshinda njaa.

Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda Kiongoroni, kule karibu na bahari, tukipeleka pete za zege za kisima kwa mashua. Katikati ya mikoko mashua ikaanza kunywa maji, na nahodha akataka mtu aingie chini ya deki, kwenye ngama, akazibe. Ngama yenyewe ilikuwa na maji yaliyooza, na kamba waliomwagika safari sijui ya lini. Nikasema ngoja nipime.

"Upime nini, bibie?" nahodha akauliza. "Harufu? Hii ndiyo harufu ya kwetu. Mimi nimezaliwa nayo."

Hapo ndipo ugumu wa delta ulipo. Tope la mikoko linanuka yai viza tangu asubuhi mpaka jioni, maji yakipwa ndiyo usiseme, na watu wameshailea pua yao isilalamike. Nikaupenyeza mpira kwenye ufa wa mbao. Kengele ya gesi ile inalia ikifika kumi. Ilifika arobaini na mbili.

"Harufu bado ipo?" nikamuuliza mtu wake aliyekuwa ameshaingiza kichwa.

"Ilikuwapo. Sasa hivi haipo, imeisha."

Nikamvuta kwa ukosi wa shati. Haikuisha, pua yake ndiyo iliyokuwa imelewa. Gesi ile ikizidi inaua kunusa kwanza, halafu ndipo inakuja kwa mwenye pua. Tulifungua mbao tatu za deki, upepo ukapita saa nzima, mashua imeegemezwa topeni, nahodha akinisema kwa Kindengereko akidhani sisikii. Nilimjibu kwa Kindengereko. Akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa ananiita mkwe.

Nyamwage palikuwa na kisa kingine, cha vijana walioteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili wanyonye maji kwa karibu. Walikuwa wanajivunia ubunifu wao. Niliwauliza kama wangekubali kulala na pikipiki inayounguruma uvunguni mwa kitanda. Wakaitoa.

Sasa nimlete Fundi Mkumba, maana hadithi iliyobaki ni yake.

Mzee Mkumba wa Mbwara alikuwa mchimba visima kabla kampuni yetu haijazaliwa. Alichimba kwa mkono, anasoma udongo kwa ulimi: akiuonja anakwambia maji yako futi ngapi, na kama yatakuwa ya chumvi. Kampuni ilimchukua kama fundi mkuu kwa sababu bila yeye tungekuwa tunatoboa ardhi kama panya. Alikuwa na taratibu zake. Kisima kikikaribia maji, hakigusi mpaka akifukize. Anatia makaa kwenye chetezo, ubani na udi juu yake, anakishusha kwa kamba mpaka chini, kinakaa huko wakati watu wanaomba dua. Ubani ukiisha, anakipandisha, halafu anashusha koroboi inayowaka. Koroboi ikibaki inawaka, hewa ipo. Ikizimika, hakuna wa kushuka. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake.

Mara ya kwanza Masanja kukiona kile chetezo kikizama, alishika kichwa.

"Mzee wangu, unapeleka mkaa shimoni?"

"Napeleka heshima," Mkumba akamjibu. "Maji yana wenyewe."

"Koroboi yako inakwambia oksijeni ipo. Ni kweli. Lakini kuna gesi ya mkaa, na hiyo koroboi haiijui. Taa inawaka vizuri tu na mtu anakufa chini yake."

Walibishana mpaka adhuhuri, watani wawili wa umri mmoja, na mimi katikati nikiwapa maji. Mwisho wakapatana: Mkumba afukize kama ilivyo ada yake, akimaliza tuwashe feni ya kupuliza hewa shimoni kwa nusu saa, halafu mimi nipime, ndipo mtu ashuke. Mkumba akasema, "Vizuri. Tukimaliza dua, kipimo chenu nacho kiitikie amina." Miaka sita tulikwenda hivyo, visima sijui vingapi, na kila mara baada ya feni nilikuta sifuri. Masanja akastaafu kweli, kwa umri, akarudi kwao kufuga. Nikabaki mimi.

Nisikilizeni vizuri hapo kwenye "kila mara nilikuta sifuri". Ndipo mtu anapoharibikiwa.

Kisima cha mwisho kilikuwa Mbwara kwenyewe, kijijini kwa Mkumba. Maji walikuwa wanayafuata mbali, kwenye madimbwi wanayogombania na ng'ombe. Tulikuwa tumefika futi arobaini na udongo umeanza kuwa baridi. Siku ile kijiji kizima kilikuja. Akina mama walikuja na ndoo tupu, mapema yote hiyo, kama vile bomba linafunguliwa kesho. Feni yetu ilikuwa imepelekwa Nyamwage, kuna tangi lilikuwa linasafishwa. Gari lililotakiwa kuirudisha lilipata pancha. Nilipima saa mbili asubuhi: ishirini nukta tisa, sifuri, sifuri, sifuri. Shomari akashuka. Shomari alikuwa mchimbaji wetu, mume wa binti wa Fundi Mkumba, mtu wa vichekesho, aliyekuwa akinisemesha Kiswahili cha Dar ingawa Dar alikwenda mara mbili tu. Akachimba mpaka saa nne, akapanda kunywa chai.

Wakati wa chai nililifungua daftari. Lina mistari ya saa: saa mbili, saa nne na nusu, saa saba. Mwandiko wangu ni mbaya nikiandika nimesimama, na nilitaka siku hiyo ukurasa uwe mzuri, kwa kuwa ni siku ya maji. Nikiwa na kikombe mkono wa kushoto, saa nne na dakika tano, nikaujaza mstari wa saa nne na nusu. Ishirini nukta tisa, sifuri, sifuri, sifuri. Nikatia sahihi. Nia yangu ilikuwa kupima, Mungu anajua. Niliona naandika tu kitu kitakachokuja kuwa kweli muda si mrefu.

Mkumba akashusha chetezo. Shehe akaomba dua, tukaitikia. Kilikaa kule chini kama dakika ishirini. Akakipandisha, akashusha koroboi, ikawaka imenyooka kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika mkono, "Dada Sifuri, na wewe imba!" nami nikaimba. Nilikuwa nayaona maji kabisa machoni mwangu, nawaona watoto wanaoga. Nikageuka, Shomari yuko mdomoni mwa kisima, mkanda ameshaufunga, kamba iko kwenye winchi.

"Sista, freshi?"

Kipimo kilikuwa kifuani kwangu. Kupima ni dakika tano. Lakini dua ilikuwa ndiyo kwanza imeisha, wazee wamesimama, na niliona haya kushusha mpira mbele yao, kana kwamba naikagua dua yao. Na feni haikuwapo, wala sikuikumbuka feni. Nikasema, "Freshi."

Akashuka.

Ndu, ndu, ndu. Niliendelea kuimba. Sijui zilipita dakika ngapi, robo saa labda, ndipo masikio yangu yakagutuka kabla yangu. Ndu. Kimya. Ndu. Kimya kirefu. Nikachungulia.

"Shomari!"

"Naam." Sauti imelegea. Halafu akacheka kule chini, peke yake. "Sista, kichwa kinaniuma kama ngoma... nakaa kidogo."

Nilishusha mpira, umejipinda mara mbili. Sikungoja dakika mbili zozote, kwa sababu hewa ya njiani tu ilitosha. Kipimo kilianza kulia mpira ukiwa nusu. Namba ya gesi ya moshi ikaenda mia, mia tatu, mia saba, halafu kioo kikaacha kuonesha namba, kikaandika kwamba kimezidiwa. Oksijeni pembeni yake imekaa kwenye ishirini, haina habari. Mimi, niliyekimbia jiko la mkaa mpaka getini siku yangu ya kwanza.

"Winchi! Zungusha winchi! Mtoeni!"

Dereva na wachimbaji wawili wakakamata mkono wa winchi. Kamba ikakaza. Chini Shomari alikuwa ameshalala ubavu, hajibu. Na hapo Fundi Mkumba akavua kofia, akaiweka chini taratibu, akaanza kupanda ukingo wa kisima ili ashuke kwa mikono na miguu, kama alivyoshuka maisha yake yote.

Kila kisima chenye hadithi ya mtu mmoja kuzimia kina hadithi ya wa pili aliyemfuata kumwokoa. Masanja alinisimulia moja ambayo walikuwa watano, wa ukoo mmoja. Nikamrukia mzee wa watu, nikamkumbatia kiuno mbele ya mkewe, mbele ya shehe.

"Niache, Tatu! Mkwe wangu yule!"

"Ukishuka mtakuwa wawili, baba! Mtakuwa wawili!"

"Niache, nasema!"

"Nipige, lakini sikuachi!"

Alinipiga kweli, kiwiko cha kifua, na siku tatu nilikuwa napumua kwa upande mmoja. Tukaanguka wote mchangani. Wakati tunagombana kichwa cha Shomari kikatokea ukingoni, midomo yake imeiva rangi nyekundu nzuri, kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Rangi ile ndiyo mbaya, ni alama ya gesi ya moshi. Ikumbukeni. Tulimlaza kwenye upepo, anapumua kwa mbali, tukampakia garini na mkewe amempakata kichwa, na njia nzima ya vumbi mpaka hospitali nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa vidole. Nikifika kumi naanza upya, nikiogopa kwamba nikivuka kumi itasimama.

Walimwekea oksijeni. Siku ya pili akafumbua macho, akaniangalia sana, akasema, "Wewe ni Nne." Nikalia. Muuguzi akadhani mgonjwa ameharibika akili. Mimi nilijua utani umerudi, ametokeza. Kichwa kilimuuma wiki kadhaa, na majina ya vitu yalikuwa yanamponyoka, anasema "kile cha kukatia" badala ya panga. Sasa yu mzima.

Meneja alikuja na mtu wa usalama kutoka makao makuu. Tukaitwa ofisini Kibiti, mimi na Fundi Mkumba. Mtu wa usalama akafungua daftari, akaweka kidole.

"Saa nne na nusu, gesi ya moshi, sifuri. Hewa ilikuwa safi. Dada alipima, akatia sahihi. Kwa hiyo moto uliingia baada ya kupimwa. Mzee, ulirudisha kile chetezo shimoni?"

"Sikurudisha," Mkumba akasema. "Kilishuka mara moja. Nikakipandisha, nikashusha taa, basi."

"Saa ngapi?"

"Mimi sina saa, bwana."

"Kabla ya dada kupima, au baada?"

Mkumba akanigeukia. Nilitegemea aseme, huyu hakupima. Angesema hivyo ningekubali palepale, naapa, pengine ningefurahi. Lakini yeye alikuwa amefumba macho kwenye dua, na miaka sita hajawahi kuniona naruka kipimo. Aliniangalia kwa upole, akasema, "Kama Tatu ameandika alipima, basi alipima. Mtoto huyu haongopi. Labda mimi ndiye nimepotewa, nikarudisha. Uzee huu."

Na mimi nikanyamaza.

Waliandika kwamba chanzo ni fundi mkuu kukiuka utaratibu. Akaambiwa kazi imekwisha. Hakubisha. Alichukua fimbo yake, akaniaga, "Baki salama, mwanangu, umeniokolea mkwe," akaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbwara kumjulia hali Shomari. Nyumba ya Mkumba iko uwanja mmoja na ya bintiye. Yule binti alinikaribisha, akanitandikia mkeka, akaniletea uji. Mzee alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, na binti hakumtazama hata mara moja. Nikamuuliza kwa nini baba hali na sisi.

"Baba amekiri mwenyewe kwamba alirudisha moto, dada. Mume wangu alikuwa mle ndani. Simchukii. Lakini kila nikimpa chakula, mkono wangu unakataa."

Nikavuka uwanja. Mkumba alikuwa na donge la udongo mkononi, analigeuza.

"Tatu, nikumbushe. Nilikirudisha chetezo mara ngapi? Nimejaribu kukumbuka nashindwa. Najiona nakipandisha, halafu najiona nashusha taa. Hapo katikati hapana kitu. Mtu anaweza kufanya jambo kubwa hivyo akalisahau lote?"

Nilimwambia gari linanisubiri. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba nilimtoa mtu mmoja shimoni, nikamtia mwingine, na huyu hana mkanda wala winchi.

Yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa mliyaona. Mkumba alirudishwa kazini kwa barua, na kisima cha Mbwara alikimalizia yeye. Siku hizi anafukizia ukingoni, upande upepo unakotoka, na amesema mwenyewe kwamba ubani haupotei njia. Bintiye alikuja mpaka Kibiti kunisema. Alinisema vizuri, barabarani, watu wanasikiliza, na nilisimama mpaka akamaliza. Mimi niliambiwa nipumzike, nikapumzika. Tafrija mliyonifanyia sikuistahili, ila pilau lilikuwa zuri; lilishika chini kidogo.

Ila mliuliza nani aliyenichongea. Hakuna.

Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Magari yote yametoka, mlinzi yuko msikitini. Niliingia ofisini kwa ufunguo wangu, nikalitoa daftari kabatini, nikaketi kwenye kiti cha meneja kwa sababu hakukuwa na kingine. Kwenye daftari letu kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, ili anayekuja alisome kosa na alisome sahihisho. Nilitaka kuandika mengi: kuona haya kwangu, feni, vigelegele, nikaona nafasi ya mstari ni kidole kimoja. Nikazikata zile namba nne, taratibu, ziendelee kusomeka. Juu yake nikaandika: *Sikupima. Nilijaza wakati wa chai. Fundi alikishusha chetezo mara moja tu.* Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu. Pembeni nikaandika saa niliyoandika, nimeitazama kwanza ukutani: saa saba na dakika kumi na mbili. Nikaliweka mezani, wazi kwenye ukurasa ule, nikatafuta jiwe dogo uani la kuuzuia upepo usiugeuze.